Tunda Halingoji Bei: Habari ya Shamba na Duka katika Unguja

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Neno hili ni kweli kwa fedha, tena ni kweli kwa karafuu iliyoanikwa vema. Walakini mwenye shamba la matunda hawezi kulitegemea, maana akiba yake huoza. Embe iliyoiva leo, kesho kutwa ni chakula cha nzi. Katika insha hii twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari ya matunda ya Unguja tangu zamani: jinsi yalivyotoka shamba yakafika mjini, na kwa nini aliyeutunza mti mara nyingi hakuwa ndiye aliyeyauza matunda yake. Tukiisha kufahamu hayo, tutaweza kulipima shauri linalozungumzwa katika nyumba nyingi za wakulima, yaani, je, jamaa wenye shamba wafungue duka lao wenyewe?

Mahali petu pa kutazamia mambo haya ni Malindi. Hatusemi mji wa Malindi ulio kaskazini ya Mombasa, bali mtaa wa Malindi katika Mji Mkongwe wa Unguja, upande wa bandari. Ni mtaa wa watu wa bahari tangu kale. Hapo pana msikiti wa kale wenye mnara, na hapo ndipo Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, alipojengesha lile jumba kubwa la matibabu, lililoanzwa mwaka 1887 likaisha mwaka 1894. Zamani za majahazi, pepo za kaskazi zilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha. Baharia aliyekaa majuma mengi akila tende na samaki mkavu, akitia nanga hulitazama chungwa kama dawa. Nao wasafiri wa karne ya 19 waliyasifu sana machungwa ya Unguja katika vitabu vyao. Basi wanunuzi hawakukosekana. Swali letu ni hili: nani aliyekuwa akiuza?

Katika karne hiyo ya 19 mashamba makubwa ya Unguja yalikuwa ya Sultani, ya jamaa zake, na ya Waarabu wenye mali, na kazi ilifanywa na watumwa. Zao lililotukuzwa lilikuwa karafuu, ambayo mche wake uliletwa kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne hiyo, ukapandwa Mtoni na Kizimbani. Embe, mafenesi, machungwa, madoriani na shokishoki yalikuwapo tele, lakini yalihesabiwa kuwa chakula cha nyumbani na zawadi ya wageni, wala si mali ya kuandikwa katika daftari. Sababu yake haikuwa ladha, maana hakuna ashibaye karafuu. Sababu ilikuwa muda. Karafuu ikianikwa juani siku chache huwa kavu, ikatiwa guniani, ikakaa ghalani mpaka bei ipande, au ikavuka bahari hata Bombay na London. Tunda haliwezi safari hiyo. Mwenye karafuu aliweza kumwambia mnunuzi, "Nenda, urudi mwezi ujao." Mwenye embe hakuweza kusema hivyo hata kwa siku tatu.

Hata hivyo wenye karafuu nao walipoteza muda wao, nao waliupoteza kwa njia ya deni. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikuu kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa sana ya mikarafuu. Mkarafuu mpya hutaka miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na miaka hiyo mwenye shamba lazima ale. Wengi walikopa kwa wenye fedha wa mjini, wakaweka mashamba rehani, na mavuno yakawa yamekwisha kuliwa kabla ya kuchumwa. Kisha mwaka 1897 sheria ikaondoa utumwa, ikawa wenye mashamba wahitaji fedha za kuwalipa wachumaji. Basi deni likazaa deni.

Nao waliokuwa watumwa, je? Wengi walibaki mashambani. Waliruhusiwa kukaa na kulima muhogo, viazi na mazao mengine ya muda mfupi chini ya miti ya mwenye shamba, lakini hawakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwa maana mtu akipanda mti huweza kudai haki mahali pale. Twaomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yetu. Mkono uliopalilia chini ya mwembe haukuwa na haki juu ya embe. Aliyelima aliweza kujitwika kikapu cha muhogo akauze mjini kuwa ni chake. Embe ilikuwa ya mwingine. Kwa hiyo katika Unguja mkulima wa matunda na mwenye matunda walikuwa watu wawili, na baina yao na mlaji akaingia mtu wa tatu, naye ndiye mchuuzi.

Mchuuzi huyo alikuwa na njia yake, nayo ni kununua matunda yangali mtini. Huja mti unapotoa maua au vitoto, akautazama juu na chini, akataja bei ya mti mzima. Mwenye mti, kama ana haja ya fedha, hukubali. Tangu siku hiyo matunda si yake, ijapokuwa mti umo uani kwake. Hatusemi kwamba mchuuzi ni mwizi. Upepo ukipukutisha maua, hasara ni yake. Yeye ndiye alipaye mpandaji na mchukuzi, naye ndiye asimamaye sokoni tangu alfajiri. Lakini amejifunza jambo ambalo mwenye mti hakujifunza: bei ya mjini.

Njia ya kwenda mjini nayo ilikuwa na gharama. Hapo kale pakacha zilichukuliwa kichwani, au juu ya punda, au kwa magari ya ng'ombe. Mwaka 1905 kampuni ya Marekani, Arnold Cheney, ilianza kujenga njia ya reli ya kutoka Ngome Kongwe, kupita Malindi, mpaka Bububu, mwendo wa maili 7 hivi. Gari lilipita karibu mno na milango ya nyumba, na watu wa shamba wakapanda na mizigo yao. Serikali iliinunua reli hiyo mwaka 1911, na katika miaka ya 1920 ikafungwa, kwa sababu motokaa zilikuwa zimeshika barabara. Na kabla ya reli, mwaka 1904, soko kuu jipya lilifunguliwa Darajani. Hapo matunda yalinadiwa kwa mafungu, na mwenye kununua jumla akagawia wenye magenge. Hivyo chungwa moja liliweza kupita mikono minne au mitano kabla ya kumenywa, na kila mkono ulibakiza kitu kidogo.

Ulimwengu mzima umeliona tatizo hili, nao watu wamelitafutia dawa kwa kushirikiana. Wakulima wa machungwa wa kusini ya California, walipochoka kuwapa mawakala matunda na kurudishiwa hesabu ya hasara, walianzisha umoja wao wa kuuza mwaka 1893. Nao umoja huo ndio uliotangaza jina la Sunkist tangu mwaka 1908. Wachagga wenye kahawa, penye mlima Kilimanjaro, walikuwa na chama chao tangu 1925, kikafuatwa na muungano wa KNCU mwaka 1933. Katika Unguja na Pemba chama cha wenye karafuu kiliundwa kwa sheria mwaka 1934. Lakini sheria ya mwaka 1937 ilipokipa chama hicho mamlaka makubwa juu ya ununuzi wa karafuu, wafanya biashara wa Kihindi walisusia biashara hiyo, na Bara Hindi ikawaunga mkono, hata mapatano yalipofanywa mwaka 1938. Kahawa na karafuu hungoja ghalani huku wakubwa wakishindana, na machungwa ya California yalikuwa na magari ya barafu ya kuyafikisha mbali. Shokishoki za Unguja hazikuwa na ghala wala barafu, wala hazikuundiwa chama cha namna hiyo.

Badiliko kubwa lilikuja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Ardhi ilitwaliwa na Serikali, na kuanzia mwaka 1965 familia nyingi ziligawiwa eka tatu tatu. Hapo ndipo, kwa wengi, mkono wa kupalilia na haki ya kuchuma vilipokutana katika mtu mmoja. Lakini kupata mti si kupata soko. Mwenye eka tatu aliirithi pia ile desturi ya kuuza matunda mtini, kwa sababu shida ilikuwa ile ile: ada ya shule, bati la nyumba, maradhi ya mtoto. Mambo hayo hayangoji embe iive.

Sasa tuje kwenye duka. Tufanye hesabu kidogo kama tufanyavyo darasani. Tarakimu ni za mfano tu. Tuseme mwembe mmoja una embe 300, na mchuuzi atoa shilingi 30,000 kwa mti mzima, yaani shilingi 100 kwa embe. Mjini embe ile yauzwa shilingi 300. Jamaa wasema, "Tumeibiwa shilingi mia mbili kila embe!" Wakodi chumba cha duka Malindi, karibu na bandari, kwa shilingi 10,000 kwa sehemu ya mti huo, na uchumaji na uchukuzi wawagharimu shilingi 12,000. Zikioza embe 60, watauza 240 na kupata shilingi 72,000. Wakiondoa gharama, wabaki na shilingi 50,000. Hapo wamemshinda mchuuzi. Lakini zikioza 150, watapata shilingi 45,000, na wakiondoa gharama watabaki na 23,000. Hapo ingekuwa heri wangeuza mtini! Kwa hesabu hii ni lazima wauze embe 174 ndipo duka liwe bora kuliko mchuuzi. Basi adui wa duka la matunda si mchuuzi. Adui wake ni uozo.

Kutokana na hesabu hiyo twaweza kutoa mashauri machache. La kwanza, duka la shamba lisitegemee tunda moja. Shamba la Unguja lina baraka ya miti mchanganyiko. Msimu wa embe ukiisha, kuna machungwa, na ndizi hazina msimu. La pili, kila jioni yatengwe matunda yasiyofika kesho, yafanywe kitu kingine: maembe mabichi na malimau kuwa achari, mananasi kuwa juisi au jemu, ndizi kukaushwa. Chupa ya achari ni tunda lililofundishwa kungoja. Hapo mkulima hupata ile nguvu ya mwenye karafuu. La tatu, duka lisisimame juu ya mteja wa namna moja. Tangu miaka ya 1980 na 1990 wageni wengi wamepelekwa kuyaona mashamba ya viungo, na jamaa kadhaa huko wakawauzia matunda na viungo pale pale chini ya miti. Njia hii ni nzuri, maana haina kodi ya mjini wala uchukuzi. Lakini mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipozuia ndege, aliyewategemea wageni peke yao alikaa na meza tupu, na aliyemzoea jirani aliendelea kuuza.

La nne ndilo gumu, nalo ni jamaa wenyewe. Duka la ukoo lina milango miwili: mmoja wa wateja, na mmoja wa nduguze. Shangazi apita achukue fungu la ndizi, mjomba akopa machungwa ya hitima, watoto wala kila waonapo. Kumnyima shangazi ni aibu, wala hatuwashauri wasomaji wetu kuvunja udugu kwa ajili ya fungu la ndizi. Lakini na aandikwe. Wahenga walisema, Mali bila daftari huisha bila habari. Anayekaa dukani aandikiwe ujira wake, hata akiwa mwana. Na aliye shambani ahesabiwe mavuno yake, hata akiwa baba. Bila hivyo wa shamba atasema wa duka amekula fedha, na wa duka atasema wa shamba ameleta mabovu, na duka litafungwa na jamaa watafarakana.

Hapa twataka kusema neno kwa vijana wetu waliopita madarasa. Wengi wao wamedhani kwamba aliyejua kusoma hana kazi tena shambani. Habari hii yote yaonyesha kinyume chake. Mababu zetu hawakushindwa kupanda, wala hawakushindwa kupalilia. Walishindwa kwa sababu hesabu ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Mwenye deni, mwenye mnada, mwenye kununua mtini, wote walishika kalamu. Mkulima alishika jembe peke yake. Kijana anayejua kugawanya na kutoa ndiye aliyepungua katika shamba la babu yake.

Mchumia juani hulia kivulini. Zamani katika Unguja walikuwako waliochumia juani, na wengine ndio waliolia kivulini. Duka dogo la jamaa, lenye daftari safi na chupa za achari juu ya rafu, halitaondoa dhuluma zote za kale. Lakini litamweka mchumaji kivulini mwake mwenyewe, naye ataijua bei ya tunda lake.