KASORO ILIYOFICHWA: HAKI YA MNUNUZI TANGU MADINA HADI MTWARA

Kila msimu wa korosho unapomalizika, kuanzia Mikindani na Mtwara mpaka Msimbati na mlangoni mwa mto Ruvuma, watu hununua magari yaliyokwisha kutumika. Mwingine huwa amejiwekea fedha miaka mingi, na mkewe ameuza dhahabu yake. Wiki ya tatu injini inakufa, na muuzaji anajibu: "Nilikuuzia kama lilivyo." Wengi hunyamaza, wakidhani hiyo ndiyo hukumu. Ndugu wasomaji, historia haisemi hivyo.

Katika soko la Madina, Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta chini kumelowa. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Tena alikataza kumfunga mnyama chuchu ili maziwa yajae na mnunuzi adanganyike. Aliyenunua hivyo alipewa hiari: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Anayerudisha nyuma mita ya kilomita ili gari lionekane halijatembea, afanya jambo lile lile.

Na lile neno "kama lilivyo" nalo si geni. Abdallah bin Umar alimwuza mtumwa kwa dirhamu 800, akashurutisha kuwa hana dhamana ya kasoro. Mnunuzi akadai kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakuelezwa. Sayyidna Uthman akahukumu Ibn Umar aape kwamba aliuza bila kuyajua. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Juu ya msingi huu wanavyuoni wa Kishafi, madhhabi ya pwani yetu, wamesema kwa kauli yenye nguvu kuwa sharti hilo humwokoa muuzaji kwa kasoro ya ndani ya mnyama tu, tena ambayo hakuijua. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameliweka hilo katika Minhaj. Gari si mnyama.

Sisi wa Mtwara tunayo ibra karibu. Bandari yetu ya maji marefu ni matokeo ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Matrekta mengi ya mradi ule yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika, masalio ya vita, mengine kutoka Ufilipino. Kule Kongwa kazi ilikoanzia, mengi yaliharibika upesi, na vipuri havikupatikana. Mradi ukaachwa mwaka 1951, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Ikiwa serikali yenye mainjinia ilinunua chuma kilichochoka, sembuse mvuvi wa Msimbati?

Mwingereza huyo alituachia pia sheria ya mauzo ya bidhaa, iliyofuata sheria ya kwao ya mwaka 1893; kwetu ni Sura ya 214. Humo, mfanyabiashara wa magari aliyeelezwa haja ya mnunuzi, naye mnunuzi akautegemea ujuzi wake, hulazimika kumpa kitu kinachofaa. Lakini anayenunua kwa jirani asiye mfanyabiashara ana kinga ndogo, na aliyekagua hawezi kudai kwa kasoro iliyokuwa wazi machoni pake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikakataza kumpotosha mlaji. Fiqhi haibagui: jirani na tajiri wa magari wote wawili yawapasa kusema wanalolijua.

Lakini haki ina masharti yake. Kasoro iwe ilikuwamo kabla hujalipokea gari. Ukiigundua, sema mara moja na uache kulitumia. Ukiendelea kupakia abiria, umeridhika. Ukiliongezea uharibifu mwingine, huwezi kumlazimisha muuzaji kulipokea, bali utadai fidia ya upungufu. Pato ulilochuma kabla ya kujua ni lako, kwa kuwa hasara nayo ingekuwa juu yako. Basi mpeleke fundi kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe mbele ya mashahidi, na majibu yake yaandikwe.

Na wewe muuzaji, ukweli ukipunguza bei, hupunguza fedha tu. Uongo huondoa baraka, na fedha yenyewe haikai.

Wabillahi tawfiq.