KANZU YA VIRAKA YA SUDANI

Wengi wetu tulipofundishwa habari za Sudani tulikariri kifo cha Jenerali Gordon mjini Khartoum, tarehe 26 Januari 1885, tukaishia hapo. Mavazi ya waliomshinda hatukuulizwa katika mtihani, nayo yana habari kubwa.

Muhammad Ahmad, mtoto wa fundi wa mashua, alijitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881 katika kisiwa cha Aba, kwenye Mto Nile Mweupe. Nchi ilikuwa chini ya Misri, na kodi zilikuwa nzito. Wafuasi wake, Ansari, walivaa jibba, yaani kanzu pana ya pamba yenye viraka. Hakulizua yeye jambo hilo. Tangu zamani Masufi walivaa nguo iliyoungwaungwa kuonyesha kwamba wameipa dunia kisogo. Mahdi, naye Sufi, alilifanya vazi la mafukara kuwa vazi la wote, tajiri na maskini wasimame safu moja. Mwanzoni kiraka kilikuwa kiraka kweli: nguo ilipotoboka, kipande cho chote kilishonwa kwa mkono juu ya tundu. Sisi tuliovaa kaptura zenye viraka matakoni tunajua kwamba kiraka hufuata palipochakaa.

Mahdi alifariki Juni 1885, akarithiwa na Khalifa Abdullahi. Hapo mambo yaligeuka. Jibba ikawa sare ya jeshi. Viraka vyekundu, vyeusi na vya buluu vilikatwa kwa kipimo, vikashonwa kulia na kushoto sawasawa, juu ya nguo mpya isiyo na tundu hata moja. Jibba za makamanda zilitiwa na nakshi ya uzi. Kwa maoni yangu, kiraka kisichoziba kitu si kiraka tena, ni cheo. Usawa uliohubiriwa Aba ulikuwa umekwisha pata mabwana wake.

Hata hivyo tusiwacheke. Tarehe 2 Septemba 1898, huko Karari karibu na Omdurman, maelfu yao waliikabili mizinga na bunduki za rashasha za Kitchener wakiwa ndani ya kanzu hizo hizo. Wapatao 10,000 walikufa. Upande wa pili waliokufa hawakufika 100. Washindi walichukua jibba kuwa kumbukumbu, na baadhi zimo hadi leo katika majumba ya makumbusho ya Uingereza, British Museum likiwamo. Viraka vingali mahali pake. Majina ya walioshona hayakuandikwa.