Mto wa Gololi, kutoka Usangu hadi Naivasha

Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani. Mary Leakey alianza kuchimbua kilima hicho mwaka 1937, na hadi leo wageni wa makumbusho huonyeshwa mashimo hayo. Lakini ubao wa mchezo ninaotamani uwafikie wavuvi wa Kamere, Naivasha, ulizaliwa kusini mwa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Wakati huo Mto Ruaha Mkuu ulikuwa umeanza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi ya wanyama. Lawama ziliwaangukia wakulima wa mpunga na wafugaji wa bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Bruce Lankford, mtaalamu wa umwagiliaji kutoka Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, alikuwa akifanya utafiti huko pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Badala ya kutegemea mihadhara, akabuni mchezo.

Ubao huwekwa kwa mteremko, na mfereji unaopita katikati ndio mto. Gololi ni maji. Mchezaji hukinga mto kwa vijiti, gololi zigeukie shambani kwake, na shamba lenyewe ni vishimo: kila kishimo kinachopata gololi, sehemu hiyo imenyweshwa. Gololi zikiwa tele, kila mtu hupata chake. Zikipunguzwa, kama kiangazi kinavyofanya, wa juu hujaza mashamba yao na wa mwisho hubaki na vishimo vitupu. Baada ya hapo wachezaji hutakiwa kutafuta njia ya kugawana: zamu, kupunguza vijiti, au kufunga mifereji kwa muda.

Nguvu ya mchezo huu, kwa maoni yangu, ni kwamba mwenye shamba la juu anaweza kukaa upande wa chini wa ubao na kuona mto ukimfikia mtupu. Mtafiti naye hufundishwa, kwani wakulima wanaoijua mifereji yao humwonyesha vijiti huwekwa wapi na kwa nini.

Sisi wa Naivasha tuna mzozo wa aina hiyo hiyo. Mito ya Malewa na Gilgil huteremka kutoka nyanda za juu, ikipita mashambani kabla ya kuingia Ziwa Naivasha. Ziwani, mashamba ya maua yanavuta maji, na wavuvi wa Kamere wanategemea yatakayobaki. Ziwa liliposhuka sana mwaka 2009, kila upande ulikuwa na wa kumlaumu. Kuanzia 2010, kupitia mpango wa mashirika ya WWF na CARE, wakulima wa nyanda za juu za Wanjohi na Turasha walilipwa kwa vocha ili wahifadhi udongo na kingo za mito. Hatua njema, ila vocha haimkutanishi mvuvi na mkulima wa Turasha.

Ubao wetu ungehitaji mito miwili na shimo moja kubwa chini, linalochotwa kutoka pande zote. Mvuvi aanze kucheza akiwa juu mlimani, na meneja wa shamba la maua apewe mtumbwi.