Kingi, Marini na Arinoti: majina ya ngoma ya beni

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na ngoma ya gungu zamani sana kabla ya kuwa na beni. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913, shujaa Liyongo aliye kifungoni anaomba gungu lichezwe, na kelele za matoazi na upatu zinafunika sauti ya tupa anayokatia pingu zake. Aliyeongoza nyimbo za ngoma aliitwa manju, na manju hodari alisifiwa na kuogopwa, maana aliweza kumwaibisha mtu mbele ya mji mzima.

Miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa wakaanzisha beni, jina lililotokana na bendi za Waingereza. Walivaa sare, wakapiga tarumbeta na kutembea kwa gwaride. Mombasa kulikuwa na vyama vya Kingi na Skochi, Tanganyika vikavuma Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na vyeo, kuanzia mfalme na majenerali hadi daktari, na washindani walipimana kwa mavazi, nyimbo na karamu za kuchinja ng'ombe. Wako wanaosema huku kulikuwa kumwiga Mzungu tu. Sikubaliani nao. Chama cha beni kilizika wafu wake, kilipokea wageni mjini na kumpa kibarua cheo ambacho serikali ya kikoloni isingempa kamwe. Ndiyo maana maofisa wa Kiingereza walivitilia shaka vyama hivi.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliitawanya beni. Askari na wapagazi walirudi nayo makwao, na kandokando ya Ziwa Nyasa ikawa mganda, ambao hadi leo huchezwa kwa mistari na vibuyu vinavyolia kama tarumbeta. Kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) kukawa na kalela, ngoma ambayo mtafiti J. Clyde Mitchell aliandika juu yake mwaka 1956. Katika kalela kulikuwa na mfalme, daktari mwenye koti jeupe, na nesi aliyepita na kioo na kitambaa ili wachezaji wabaki nadhifu.

Wanawake nao walikuwa na ngoma yao, lelemama. Mombasa ilitikiswa na ushindani wa vikundi vya Ibinaal Watan na Banu Saada. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba, na mwaka 1955 alipitia vikundi vya ngoma vya wanawake kuwaingiza maelfu katika TANU, chama kilichopigania uhuru. Historia ya uhuru wa Tanganyika haisimuliki vizuri bila ngoma hizo.

Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, lakini kwa Kiingereza. Kama nyumbani kwenu kuna bibi aliyecheza lelemama, au picha ya babu akiwa na sare ya Marini, muulize bibi majina ya vyeo, mitindo na nyimbo, uyaandike kwa Kiswahili chake mwenyewe.