Mkaratusi: Silabi, Mofimu na Safari ya Jina

Wanafunzi wetu wengi wa isimu huchanganya silabi na mofimu. Historia ya jina la mkaratusi yaweza kutusaidia kuzitenganisha.

Mwaka 1777, katika safari ya tatu ya nahodha James Cook, David Nelson alikusanya matawi ya mti huu kisiwani Bruny, Tasmania. Sampuli zilifikishwa London, na huko Mfaransa Charles Louis L'Héritier akazichunguza na kuuita mti huo Eucalyptus obliqua katika kitabu chake cha 1788. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki: eu, yaani "vizuri", na kalyptos, yaani "iliyofunikwa". Sababu ni kwamba tumba la ua lake lina kifuniko ambacho huanguka ua linapochanua.

Waingereza hulitamka jina hilo kwa silabi nne: eu-ca-lyp-tus. Mofimu zake, hata hivyo, ni tatu: eu-, -calypt- na -us. Itazame konsonanti t. Kimofolojia ni ya shina, lakini kimatamshi imehamia silabi ya mwisho. Ushahidi ni kwamba Kiingereza kina pia neno eucalypt, lisilo na -us.

Hapa Uganda mti huu ulipandwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuni na kukausha vinamasi. Waganda huuita kalitunsi, na jirani zetu Wanyarwanda inturusu. Kiswahili nacho kilidondosha eu na p, kikageuza l kuwa r, kisha kikaongeza irabu i mwishoni, kwa kuwa maneno yake huishia na silabi huru. Ndipo kikatanguliza m- ya ngeli ya miti.

Basi, m-ka-ra-tu-si ina silabi tano lakini mofimu mbili tu: m- na -karatusi. Wingi wake, mikaratusi, unathibitisha hivyo.

Mwanafunzi anayetafuta mofimu tatu humo kwa sababu eucalyptus inazo tatu anakosea. Asili ya neno hutueleza lilikotoka. Muundo wake huamuliwa na lugha inayolitumia leo. Walimu, tulisisitize jambo hili kabla ya kuwapa wanafunzi zoezi la kuchanganua maneno ya mkopo.