Umesoma kwa Nani?

Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925 baada ya miaka mingi ya ukadhi, alisafiri hadi Hadhramaut kutafuta elimu. Mwanachuoni wa zama zile akirudi nyumbani hakuulizwa amesomea nini. Aliulizwa amesoma kwa nani. Ijaza aliyorudi nayo ilikuwa ruhusa ya mtu kwa mtu: sheikh kaipokea kwa sheikh wake, naye kwa wake, mnyororo ukipanda vizazi na vizazi, na kila jina lililomo limejiweka rehani. Mwanafunzi akipotosha watu, aibu ilimfika mwalimu.

Aliyenikumbusha habari hizi ni mpwa wangu. Ana shahada ya uhandisi aliyoipata Dar es Salaam, ana miaka miwili kazini, na sasa anataka kuwa mshauri mwelekezi, mmoja wa wale tunaowaona kwenye kumbi za hoteli wakiieleza wizara namna ya kujiendesha. Alinijia na barua tatu za kukubaliwa, za Marekani, Uingereza na Ujerumani. "Mjomba, nichukue digrii ipi?" Nikazisoma zote, nikaona kijana anadhani ana majibu matatu ya swali moja, kumbe ana maswali matatu.

Biashara hii ya ushauri ilipata sura yake Marekani. James McKinsey alikuwa profesa wa uhasibu Chuo Kikuu cha Chicago alipofungua kampuni yake mwaka 1926. Alikufa mwaka 1937, na aliyeikuza baada yake, Marvin Bower, alikuwa mwanasheria. Ni Bower aliyeanza, katika miaka ya 1950, kuajiri vijana waliotoka moja kwa moja shule ya biashara badala ya wakongwe wa viwandani. Huko Harvard nako, shule ya biashara ilikuwa imeongozwa tangu 1919 na mwanasheria mwingine, Wallace Donham, aliyeeneza ufundishaji wa visa: unapewa kurasa kadhaa za matatizo ya kampuni fulani, kisha mbele ya darasa zima unatakiwa useme wewe ungefanya nini. Mbinu hiyo iliazimwa shule ya sheria. Ndiyo maana hadi leo anayehojiwa kwa kazi hii haulizwi anajua nini. Hupewa kisa, tuseme kiwanda cha bia ambacho mauzo yanapanda na faida inashuka, halafu watu hukaa wakimsikiliza akikipasua kwa sauti. Waanzilishi wenyewe hawakufuata njia moja: Bill Bain, aliyefungua kampuni yake mwaka 1973, shahada yake ya kwanza ilikuwa ya historia.

Kwa hiyo huko uzamili wa biashara ni mlango, na unacholipia zaidi ni jina lililoandikwa juu ya mlango. Kampuni kubwa zina vyuo vyao vichache wanavyokwenda kuajiri kila mwaka. Kwingine hawakanyagi, hata mtaala ukiwa uleule. Barua ya mpwa wangu ilitoka chuo cha kundi hilo la pili. Halafu kuna hesabu ya viza. Mhitimu wa kigeni huruhusiwa kufanya kazi miezi 12, lakini shahada yake ikihesabiwa kuwa ya sayansi na teknolojia huongezewa 24. Shule kadhaa za biashara zilipoliona hilo zikazisajili upya programu zao chini ya sayansi ya menejimenti. Walimu walewale, ubao uleule.

Waingereza wana imani nyingine. Oxford ilianzisha mwaka 1920 shahada inayochanganya falsafa, siasa na uchumi, lakini hata aliyesoma Kilatini kitupu hualikwa kwenye usaili uleule. Kinachothaminiwa ni malezi: kila wiki unaandika insha, unakwenda nayo kwa mwalimu, mnakaa wawili au watatu chumbani, naye anaibomoa huku wewe unaitetea. Anayepita humo miaka mitatu, wanaamini, ataweza kulitetea lolote mbele ya yeyote. Ni imani ninayoipenda, ingawa nashuku kwamba humwendea vizuri zaidi mwenye lafudhi inayotakiwa. Tena uzamili wa mwaka mmoja haukupi malezi hayo. Unatua Septemba, hujajua hata basi la kwenda chuoni, na maombi ya kazi za mwaka unaofuata yameshafunguliwa. Mengine yatafungwa kabla hujapata alama yako ya kwanza.

Ufaransa hakuomba, basi niipite haraka: kule mtihani uliofaulu ukiwa na miaka ishirini kuingia shule kama École Polytechnique, iliyoanzishwa mwaka 1794, hutajwa hata ukiwa na hamsini.

Kwa Wajerumani ndiko nilikokaa sana. Sisi tunaiita shahada ya udaktari uzamivu, kutokana na kuzama, na sijui taifa linaloliamini neno hilo kuliko wao. Tangu chuo cha Humboldt kilipoanzishwa Berlin mwaka 1810, mwalimu na mwanafunzi walitarajiwa kutafiti pamoja. Hata katika ushauri wa biashara, kazi ya haraka kuliko zote, "Dr." mbele ya jina ina uzito, na zipo kampuni zinazompa mshauri kijana likizo akaandike tasnifu yake kisha arudi. Msimamizi wa tasnifu humwita Doktorvater, baba wa udaktari. Nilipomweleza mpwa wangu neno hilo alicheka, lakini mimi niliisikia Hadhramaut humo. Upande wa pesa, vyuo vingi vya umma havitozi ada. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na ubalozi utataka uonyeshe akaunti maalumu yenye euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja. Gharama kubwa ni lugha. Mwenye kiwanda cha vitasa katika mji mdogo hatakufungulia vitabu vyake vya hesabu kwa Kiingereza.

Sitaki kuipamba ijaza. Ilizunguka katika koo chache, na mtoto wa mkulima hakuiota. Lakini shule zenye majina nazo zina koo zao, na tofauti iliyobaki ni hiyo ya rehani. Mwaka 1972 Tanzania ilianza Madaraka Mikoani, mpango ulioandaliwa kwa ushauri wa McKinsey. Halmashauri za kuchaguliwa zikavunjwa, maofisa wa serikali kuu wakashushwa mikoani na wilayani. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha halmashauri, washauri wakiwa wameshaondoka siku nyingi. Nani aliulizwa kwa niaba yao? Mhandisi wetu akitaka kusajiliwa kama mhandisi mshauri, Bodi ya Usajili wa Wahandisi itamkagua shahada na uzoefu, na shahada ya nje itapitia kwanza Tume ya Vyuo Vikuu. Anayeshauri namna ya kupanga upya wilaya nzima hana bodi ya namna hiyo.

Nilimwambia mpwa wangu haya yote, akasema, "Sasa mjomba, mbona hujanijibu?" Kweli, sikuwa nimemjibu. Nikamwomba aache kulinganisha majina ya shahada, anitajie katika kila barua mtu mmoja atakayemfundisha. Ya Marekani hakupata jina. Ya Uingereza alipata orodha ya wahadhiri, nusu yao wa muda. Ya Ujerumani alipata profesa mmoja wa kike anayetafiti uendeshaji wa bandari, akamwandikia usiku uleule kumuuliza wanafunzi wake wa zamani wako wapi leo, na kama bado wanazungumza naye. Hajajibiwa bado. Ameanza darasa la Kijerumani, Jumanne na Alhamisi jioni, na analalamika kwamba kila kitu kule kina jinsia, mpaka kijiko.