Akiba na Subira: Tarikhi ya Chungu cha Tarime na Serengeti

Watu wanapoutaja mkoa wa Mara, aghalabu hutaja ng'ombe na wizi wake, dhahabu ya Nyamongo, au nyumbu wanaovuka mto kila mwaka. Na walioandika habari za nchi hiyo, tangu maofisa wa Kijerumani wa boma la Ikoma hadi wataalamu wa zama zetu, wamejaza kurasa nyingi kwa visa vya vita, mila za jando na mipaka ya hifadhi. Wachache mno ndio waliosimama jikoni. Walakini, mtu akitaka kujua jinsi Wakurya wa Tarime, na Wangoreme, Wanata na Waikoma wa Serengeti, walivyosalimika katika nchi ambayo mvua yake haina ahadi, hana budi kuanzia chunguni, kwa kuwa humo ndimo ilimo tarikhi ya dhiki zao na ya maarifa waliyozikabili nayo.

Mto Mara huigawa nchi hiyo mafungu mawili. Kaskazini ni Tarime, yenye milima ya baridi, migomba na mibuni. Kusini ni Serengeti, ambako ardhi huteremka kuelekea mbuga za wanyama na mvua huzidi kupungua kadiri mtu anavyokwenda mashariki. Pande zote mbili, kabla mahindi hayajatamalaki mashamba, nafaka zilizoheshimiwa zilikuwa ulezi na mtama. Ulezi hasa ulipendwa kwa sifa ambayo mgeni hawezi kuitambua kwa kuutazama: punje yake ni ndogo hata fukusi hana mahali pa kujificha ndani yake, na kwa sababu hiyo hukaa ghalani miaka kadhaa bila kuharibika, ilhali mahindi yasiyotiwa dawa huanza kutoa unga wa wadudu baada ya miezi michache tu.

Katika boma la Mkurya mwenye wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake na kihenge chake. Kihenge hicho kilisukwa kwa fito, kikakandikwa kwa samadi ya ng'ombe, kikainuliwa juu ya mawe ili mchwa na unyevu visikifikie, kisha kikafunikwa kwa paa la nyasi lililoinuliwa kwa mikono miwili kama kofia kila mwenyewe alipotaka kuteka nafaka. Mwanamke mwenye kihenge kilichojaa ulezi wa mavuno mawili yaliyopita alikuwa na heshima isiyohitaji maelezo. Aliweza kumkaribisha mgeni bila hofu, kuwaita majirani wamlimie, na kuiona mvua ikichelewa pasipo kubadili saa ya kupika.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya magoti. Nafaka ilipepetwa kwa ungo, ikatandazwa juani, kisha mwanamke akapiga magoti nyuma ya jiwe pana lililoinama kidogo, akashika jiwe dogo kwa viganja viwili na kulisukuma mbele na nyuma, huku unga ukidondoka kwenye ngozi iliyotandikwa chini. Ugali wa jamaa nzima ulitaka sehemu kubwa ya asubuhi. Tena ulezi uleule ulikuwa na njia nyingine, iliyokuwa ndefu zaidi. Sehemu moja ililowekwa, ikafunikwa kwa majani mpaka ikachipua, ikaanikwa na kusagwa iwe kimea. Sehemu nyingine ilisagwa kwanza, ikakandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa ichachuke, ikakaangwa juu ya kikaango cha udongo hata ikawa na rangi ya kahawia na harufu ya kuchomeka kidogo, ndipo ikatiwa maji na kimea na kungojewa tena. Pombe iliyopatikana ndiyo iliyolipa ujira wa wasaidizi wa shambani, ndiyo iliyowakalisha wazee pamoja kuamua mashauri, na ndiyo iliyomiminwa chini katika matambiko.

Maziwa nayo yalikuwa na taratibu zake. Kibuyu kilioshwa, kikafukizwa kwa kijinga cha moto ili moshi uue harufu mbaya na kuyapa maziwa ladha, kikajazwa na kuachwa mpaka yakaganda. Yaliyotikiswa yalitoa siagi, na siagi iliyochemshwa ikawa samli iliyodumu muda mrefu. Mboga za majani machungu, kama mgagani na mnavu, zilichemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, zikatiwa maziwa na kurudishwa motoni jioni hii na jioni ifuatayo, kidogo kidogo, mpaka uchungu ukawa ladha. Nyakati za uhaba, ng'ombe alifungwa shingo kwa kamba na mshipa wake ukatobolewa kwa mshale wenye kizuizi, damu ikakingwa na kuchanganywa na maziwa, na mnyama akarudi malishoni akiwa hai. Na upande wa Serengeti, ambako nyumbu walipita kwa makundi, nyama ilichanwa vipande virefu, ikakaushwa juani na juu ya moshi. Vipande hivyo huitwa kimoro, na wenye navyo walikula nyama miezi mingi baada ya nyumbu kuondoka.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona kwamba katika mapishi yote haya kitu kinachotumika kuliko vyote, kuliko kuni na kuliko chumvi, ni siku. Desturi yetu ni kuusifu ungojeaji huo kwa jina la subira, na kuuhesabu miongoni mwa tabia njema za wanawake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haijatimia. Anayengoja kimea kichipue lazima awe na chakula kingine cha kula leo. Anayeweka nyama ya mwezi ujao lazima awe ameshiba mwezi huu. Kwa hiyo subira ya jikoni, pamoja na kuwa tabia, ni mali pia, na mali hiyo huhifadhiwa ghalani na zizini. Aliyefilisika ghala na zizi hunyang'anywa hata uwezo wa kungoja.

Ukweli huu ulidhihirika kwa ukatili katika miaka ya mwanzo ya 1890, wakati sotoka ilipoteremka kutoka kaskazini ya Afrika Mashariki na kuwamaliza ng'ombe wa makabila mengi kwa muda mfupi. Maziwa, samli na damu, vilivyokuwa kinga ya mwisho dhidi ya ukame, vilitoweka pamoja. Ndui na njaa vikafuata nyuma, na watu wa upande wa Serengeti wakaenda kwa miguu hadi Usukuma kutafuta nafaka. Wajerumani walipokuja kuweka utawala wao, walikuta nchi ambayo ilikuwa bado inajikusanya baada ya msiba.

Serikali ya Waingereza, iliyoshika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya kwanza, ilitazama njaa kwa macho ya karani. Ukame na nzige wa miaka ya 1930 vilipozidi, amri zilitolewa sehemu nyingi za nchi kwamba kila kaya ilime shamba la muhogo kuwa akiba. Hoja yao ilikuwa na nguvu: muhogo, zao lililotoka Amerika na kufika Afrika kwa merikebu za Wareno, huvumilia udongo dhaifu, nzige hawawezi kuula mzizi ulio chini ya ardhi, na shamba lenyewe hugeuka ghala, kwa kuwa mzizi huweza kubaki udongoni hata utakapohitajiwa. Aina chungu zilipendwa zaidi, maana huzaa sana na nguruwe mwitu na wezi huziogopa.

Walakini amri ilihesabu mashina shambani, haikuhesabu siku za jikoni. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi iliyojificha katika mnofu wake, nayo haitoki kwa kupikwa tu. Wanawake wa Kanda ya Ziwa waliitoa kwa kutengeneza udaga: mihogo humenywa, huachwa juani inyauke, hurundikwa na kufunikwa hata ikaota ukungu na kulainika, ukungu hukwanguliwa kwa kisu, vipande hupondwa na kuanikwa upya juu ya mawe mpaka vikawa vyeupe na vikavu, ndipo huchanganywa na mtama au ulezi na kusagwa. Uchachukaji huvunja mnofu, sumu hufunguka na kupaa hewani. Mwanamke aliyekuwa akifanya hivyo hakuwa na jina la sumu hiyo, bali alijua kwa ulimi na kwa pua siku ambayo udaga umekuwa tayari.

Miongo iliyofuata ilipunguza akiba kwa njia ambazo kila moja, ikitazamwa peke yake, ilionekana ndogo au hata ya manufaa. Mahindi yalikubalika kwa kuwa hayahitaji watoto kufukuza ndege mchana kutwa. Mashine za kusaga ziliwainua wanawake kutoka magotini, nalo ni jambo la shukrani. Kahawa ikachukua mashamba ya milimani na kuleta fedha. Mwaka 1951 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kimoro, ambacho babu alikikausha hadharani, mjukuu akakikausha kwa kificho. Mwaka 1974 watu walihamishiwa vijijini kwa amri, na wengi wakaacha nyuma mashamba ya muhogo yaliyokuwa bado yana mizizi. Tena wizi wa mifugo, uliozidi ukali kwa bunduki, ukawafanya wengi wawe na zizi tupu asubuhi moja.

Ndipo ukaja ukame wa katikati ya miaka ya 1980. Wilaya ya Tarime wakati huo ilikuwa pamoja na nchi ya Rorya, iliyotengwa baadaye mwaka 2007. Mwaka 1985, katika sehemu za wilaya hiyo zilizopigwa na ukame, watu wazima na watoto walianza kupooza miguu yote miwili kwa ghafla, bila ajali. Akili zao zilibaki timamu, lakini miguu ilikakamaa na haikurudi kuwa kama zamani. Madaktari, miongoni mwao William Howlett na Hans Rosling, waliwachunguza wagonjwa 39, wengi wao wakiwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na mwaka 1990 wakachapisha habari zao. Ugonjwa huo ni konzo, uliokwisha kuelezwa na daktari Trolli katika Kongo ya Wabelgiji mwaka 1938, na ulioonekana kwa wingi Msumbiji, jimbo la Nampula, mwaka 1981.

Sababu yake ilikuwa na mikono miwili. Kwanza, ghala zilikuwa tupu, na muhogo mchungu uliochimbwa asubuhi ulitakiwa uliwe upesi. Siku za kuanika na kuvundika zikafupishwa kwa lazima, na sumu ikabaki ndani ya unga. Pili, mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayopatikana katika samaki, nyama, maziwa na kunde, na hivyo vyote vilikuwa vimeadimika. Kila kimoja peke yake huenda kingevumilika. Vilipokutana katika sahani moja, viliwapoozesha watu.

Haifai kusema kwamba wanawake wa Tarime walisahau elimu ya mama zao. Waliijua barabara, na ndiyo maana miaka mingi ya kula udaga ilikuwa imepita salama. Kilichokosekana ni chakula cha kuwalisha watoto wakati udaga unangojewa. Mwalimu wa lishe angeweza kuja na mahubiri yake mazuri, wala asingebadili neno, kwa sababu mwenye njaa hana juma la kukopesha.

Hii ndiyo sababu tarikhi ya chungu cha nchi hiyo inastahili kusomwa na wale wanaopanga akiba ya taifa kwa hesabu ya ekari na magunia. Wazee waliojenga vihenge walitumia kipimo kingine, nacho kilikuwa sahihi zaidi: waliuliza nyumba inaweza kungoja siku ngapi. Ulezi wa miaka miwili uliupa muhogo muda wa kuchachuka, na maziwa yakaupa mwili nguvu ya kushinda sumu iliyobakia. Zao la njaa, basi, lilikuwa salama kwa mtu ambaye bado hajawa na njaa; na yeyote atakayegawa mbegu za muhogo katika mwaka wa ukame, bila kugawa pamoja nazo chakula cha siku za kungoja, atakuwa amegawa nusu ya dawa.